Mama Anaponyamazia Kamera

Jumatatu, 3 Juni
"Picha bila sauti ni maiti iliyovalishwa suti." Hayo kayasema shemeji, mume wa dada yangu, fundi wa mitambo ya redio, mbele ya ukoo mzima. Upuuzi mtupu. Nani amewahi kutundika kikohozi ukutani? Kitambulisho hubandikwa uso, si chafya. Nikamwambia hivyo. Akaomba chumvi. Maana yake alishindwa.

Kazi yenyewe: filamu ya maisha ya Mama, fundi cherehani, picha za mnato zikifuatana na sauti yake juu yake. Ijumaa anafunga chumba chake cha kushonea, na cherehani inachukuliwa na mnunuzi. Nisipomnasa wiki hii, basi tena. Picha nitapiga mimi. Sauti nitarekodi mimi. Kinasa sauti cha shemeji nimekiazima kwa dada. Mwenyewe hana habari.

Jumanne, 4 Juni
Mama anasimulia huku anakanyaga cherehani, maneno yanamiminika. Nikiinua kamera, miguu inasimama, mikono inawekwa magotini, mdomo unafungwa, macho kama ya mtu anayesomewa hukumu. Nikiishusha, anaendelea alipoachia. Nikamuuliza kulikoni. Akasema mpiga picha wa studio alimwonya siku ya harusi yake: ukisema unaharibu, ukipumua unaharibu zaidi. Nikamweleza kwamba enzi hizo zimepita. Akajibu kwamba picha ile ipo mpaka leo, zangu ziko wapi?

Nina picha za mama bubu, na sauti ya mama asiyeonekana. Shemeji asijue.

Jumatano, 5 Juni
Mbinu mpya, na ya kijanja. Nimejificha na kamera nyuma ya rundo la vitambaa. Mama alidhani nimetoka. Nikapiga ya kwanza: ka. Ya pili: ka. Nikamsikia anamwambia mteja wake humo mna mjusi. Kilichofuata ni futi ya mbao. Kamera ni nzima. Kidole kimevimba. Mama kasema angejua ni mimi angepiga polepole. Kidogo.

Alhamisi, 6 Juni
Kamera kando, leo sauti tu. Kinasa sauti nimekiweka juu ya meza ya cherehani, karibu na kinywa chake. Dada kanionya kwamba mumewe hukataza jambo hilo, meza inatetemeka. Ushauri wa mwomba chumvi!

Nimesikiliza. Treni inapita juu ya mabati, na ndani yake kuna mwanamke anazama. Hadithi ya bibi harusi aliyepasukiwa na gauni mlangoni imemezwa yote. Nikamwomba Mama airudie. Akasema hadithi si pindo, haifumuliwi ikashonwa upya.

Imebaki kesho tu.

Ijumaa, 7 Juni
Shemeji kafuata mali yake. Nilijiandaa kwa vita. Hakugomba. Akavaa hedifoni, akasema, "Shemeji, wewe shika jicho, mimi nishike sikio." Kisha akakaa sakafuni, akamuuliza Mama nguo ya kwanza kabisa alimshonea nani. Mama akamgeukia mkwewe, akanisahau. Akasimulia, akacheka, akakanyaga mshono wa mwisho. Mimi napiga tu. Wabebaji wakabisha hodi. Mama akaondoa miguu kwenye kanyagio. Gurudumu likazunguka lenyewe, taratibu, mpaka likanyamaza. Uso wake wakati huo ninao.

Jumapili, 9 Juni
Onyesho, sebuleni kwa dada. Ukoo mzima upo. Lilipofika lile gurudumu, Mama akafumba macho. Akaomba lirudiwe. Akafumba tena, machozi yakamtoka, akawa anachezesha miguu zuliani. Shemeji akanitazama.

Nilielewa papo hapo. Picha zangu zina nguvu mno, mtu mzima hakuweza kuzistahimili. Ushindi mkubwa kuliko huu sijauona.

Kwa hiyo nyinyi mafundi wa sauti, na hasa wewe uliyeoa kwetu: kirini kosa lenu mbele ya ukoo. Na kinasa sauti kiletwe kwangu kesho asubuhi, kikiwa na betri mpya. Naanza filamu ya Baba. Picha mimi, sauti mimi, na msaidizi simtaki.