Leseni ya Kunyoa na Fahali wa Shinyalu

Jumatatu, 4 Agosti
Wateja wawili tu tangu asubuhi. Phanuel, kinyozi wa ng'ambo ya barabara, ameweka televisheni ya mpira. Sasa Shirere nzima inanyolewa kwake, hata wenye vipara. Mke wangu Muhonja ameuliza kodi ya chumba cha kunyolea nitailipa na nini. Nikamjibu nina mpango. Sikuwa nao, lakini baada ya chai ulikuja. Jumamosi fahali wanapigana Shinyalu, Mwalimu na Tingatinga. Watu watabishana wiki nzima. Basi wabishanie kwangu, na waweke dau!

Jumanne, 5 Agosti
Mimi si mjinga. Kwanza sheria. Nimemwendea Beverly, karani wa wakili mjini, nikamuuliza kama kubeti ni halali huku kwetu. Akasema ni halali kwa aliyetimiza miaka kumi na minane, mradi anayepokea dau awe na leseni. Aliendelea kueleza ni leseni gani na hutolewa na nani, lakini nilikuwa nimeshafurahi. Leseni ninayo! Iko ukutani juu ya kioo, ina muhuri wa kaunti, na nimeilipia hadi Desemba.

Alhamisi, 7 Agosti
Kwangu kumejaa. Anayeweka dau ananyolewa nusu bei. Phanuel amekuja kuchungulia, akadai hiyo ni kamari bila leseni. Nikamwonyesha ukutani. Akasoma polepole, akacheka, akaenda zake. Wivu tu.

Jumamosi, 9 Agosti
Shinyalu alfajiri. Ngoma za isukuti zinalia, umati umefurika. Kanuni ni moja: fahali anayekimbia ameshindwa. Wakatazamana, wakagusana pembe, wakakimbia wote wawili! Mmoja akaingia kwenye mahindi ya watu, mwingine kwenye majani chai. Nikatangaza sare, na kwamba madau yote yanabaki kwa mwenye leseni. Hapo nikakimbia na mimi.

Walioweka dau walinikamata, wakanipeleka kwa naibu wa chifu. Sikuogopa, leseni nilikuwa nayo mfukoni. Akavaa miwani, akaisoma mara mbili.

"Osiako, hii ni ya kunyoa," akasema. "Sasa kati ya hao fahali wawili, ulikuwa unanyoa yupi?"

Watu walicheka mpaka nikaona haya. Madau yamerudishwa yote. Alhamisi niende kortini, na chumba kifungwe mpaka kesi iishe.

Jumapili, 10 Agosti
Kanisani Muhonja amekaa benchi jingine. Nikinyang'anywa leseni, sina kazi nyingine ninayoijua. Naandika ukweli: naogopa. Na nimemwona shemeji yangu akiwa amenyolewa vizuri. Sikumuuliza wapi.

Jumatatu, 11 Agosti
Beverly amenieleza upya, neno kwa neno, kama anayemfundisha mtoto. Leseni ya kaunti ni ya kunyoa. Kamari ya michezo ina leseni yake, na hutolewa na serikali kuu. Safari hii nimesikiliza mpaka mwisho. Kamari ya michezo, alisema. Michezo!

Kesi yangu si mchezo. Kwa hivyo tangu saa nne napokea dau uani, kama nitapigwa faini au nitaachiliwa. Muhonja hajui. Phanuel ameweka faini. Shemeji ameweka faini. Mimi mwenyewe nimeweka faini, maana niliiona sura ya yule naibu. Mama peke yake ndiye ameweka kwamba nitaachiliwa, kwa jogoo wake mwekundu. Namhurumia sana. Alhamisi hakimu akinitoza faini tu, jogoo ni wangu.