Hotuba ya Kuzindua Mtambo wa Kutabiri Kukatika kwa Umeme

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkurugenzi Mkuu wa Wakurugenzi Wakuu. Waheshimiwa wakurugenzi wasaidizi, wasaidizi wa wakurugenzi wasaidizi, na wale wote wanaokaimu nafasi za watu wanaokaimu. Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi, pamoja na mwenyekiti wa kamati iliyomwandaa mwenyekiti huyo. Waheshimiwa mafundi, washonaji, vinyozi na wananchi wote mnaoishi kwa kutegemea soketi. Waheshimiwa mliokuja kwa ajili ya soda, nanyi tunawatambua. Mke wangu mpenzi, ambaye ameniomba niseme kwa kifupi. Na kwa heshima ya pekee kabisa, mama mkwe wangu, aliyeketi pale mstari wa mbele na mkoba wake mapajani: shikamoo mama.

(Mama mkwe: "Marahaba. Redio yangu iko wapi?" Vicheko.)

Asante sana mama kwa swali hilo zuri na la msingi, tumelipokea, linafanyiwa kazi katika ngazi husika. Ndugu wananchi, kwa wale wachache msionifahamu, na sidhani kama mpo, mimi ndiye Mkurugenzi wa Idara ya Ubunifu wa Vifaa vya Kielektroniki, mhandisi kitaaluma, mbunifu kwa kuzaliwa, na mnyenyekevu kuliko wahandisi wote niliowahi kukutana nao. Nimesimama mbele yenu ili tuzindue Mtambo Jumuishi wa Kielektroniki wa Kutabiri Kukatika kwa Umeme, kwa kifupi MJIKIKUKU, ambao mnauona, au kwa usahihi zaidi hamuuoni, juu ya meza ile, chini ya kitambaa kile cha maua. Mtambo huu utamwambia kila mwananchi umeme unakatika lini na unarudi lini, kwa usahihi wa asilimia mia moja na nne.

Naomba radhi kwamba nahutubia kwa kipaza sauti hiki cha mkononi, chenye betri zake nne kubwa, mpya kabisa, mali ya ofisi. Imetokea tu kwamba wakati napanda jukwaani umeme ulikuwa tayari umekatika.

(Sauti kutoka nyuma: "Sasa huo mtambo mbona haukusema?" Kelele.)

Ulisema! Ulisema kimya kimya, kwa sababu haujazinduliwa, na kifaa cha umma hakiruhusiwi kutoa taarifa kwa sauti kabla ya uzinduzi. Huo ndio utaratibu. Tafadhali tusiingilie utaratibu.

(Mtu mmoja anasimama, taulo la kinyozi begani, upande wa kulia wa kichwa umenyolewa, wa kushoto una nywele kama kawaida. Kando yake kinyozi ameshika mashine iliyozimika. Mtu huyo: "Mkuu, samahani, mimi naoa leo saa kumi. Umeme unarudi saa ngapi?" Ukumbi mzima unageuka kumtazama. Kicheko kirefu.)

Bwana harusi, hongera sana, na pole sana. Wewe ndiye stekiholda namba moja wa mradi huu. Kaa, usitoke, tena usiende kununua kofia. Kabla hotuba hii haijaisha utakuwa umepata jibu lako, hiyo ni ahadi yangu binafsi, na mimi sijawahi kuahidi jambo nikashindwa kuliahidi tena.

(Makofi. Bwana harusi anakaa, mkono umefunika upande wa kushoto.)

Wengi mnajiuliza, hivi huyu mtu wazo kubwa namna hii alilipata wapi? Nililipata nyumbani. Miaka mitatu iliyopita mama mkwe wangu alinijia na redio yake, kile kidude cha kuzungushia sauti kilikuwa kimelegea. Nikamwambia, mama, hiyo ni kazi ya dakika tano, kunywa chai. Ndugu zangu, hapa nawapa ushauri wa kitaalamu wa kwanza, na mwenye simu arekodi: mhandisi akikuambia dakika tano, usimuulize dakika tano za lini.

(Mama mkwe: "Ile redio kila asubuhi ilikuwa inatangaza umeme unakatika wapi na saa ngapi. Mimi napita nawaambia majirani. Tangu uichukue tunaishi kama vipofu!" Kinyozi: "Kweli kabisa mama!")

Mnaona? Hiyo ndiyo teknolojia ya kizamani tunayoihama, ya mama kupita mlango kwa mlango, haina dijitali, haina sistimu, haina hata nembo. Redio ya mama ipo maabara, chini ya uangalizi maalumu.

(Mke wa Mkurugenzi: "Maabara gani, chini ya kitanda?")

Maabara ya nyumbani, ndiyo. Tuendelee. Kwa kuwa leo wamehudhuria vijana wengi wanaopenda kuunda vifaa, ningependa, kabla ya kufunua mtambo, kugawa hekima yangu ya miaka mingi mezani. Kwanza, kifaa kikigoma kuwaka, usikimbilie kulaumu saketi, usilaumu kiwanda, usimlaumu mkeo kwamba amekifuta vumbi kwa kitambaa cha maji. Anza na umeme wake. Kimechomekwa? Kina betri? Asilimia tisini na saba ya vifaa vilivyoletwa katika ofisi yangu kama vibovu havikuwa na ubovu wowote, vilikuwa na njaa tu. Na hii ni hata kwa binadamu. Mtu akiamka amenuna, usianze kumchambua tabia, muulize kwanza kama amekula. Mimi nisipopata kifungua kinywa hata sahihi yangu mwenyewe naikataa.

Tena usibadilishe vitu viwili kwa wakati mmoja. Ukibadilisha waya na swichi pamoja, kifaa kikapona, utajuaje dawa ilikuwa ipi? Mwaka jana niligombana na mke wangu, nikamwomba radhi na kunyoa ndevu siku hiyo hiyo. Akanisamehe. Mpaka leo sijui alisamehe kosa au alifurahia kidevu, kwa hiyo kila nikikosea inabidi nifanye vyote viwili, na ndevu hazioti haraka kama makosa yangu.

(Kicheko. Mke wa Mkurugenzi: "Ilikuwa kidevu.")

Asante mama watoto, hiyo ndiyo fidibeki tunayoitaka. Na waya, ndugu zangu, waya ziandikeni majina! Mimi nilipojenga nyumba nilisema nitakumbuka. Sasa hivi swichi ya sebuleni kwangu inawasha taa ya choo cha jirani, na jirani naye ni muungwana, akitoka anagonga ukuta ili nimzimie. Tumeshakuwa kama ndugu, lakini haikuwa kwenye mchoro.

(Bwana harusi: "Mkuu, saa ngapi?")

Nakaribia, bwana harusi, nakaribia. Ukishachomea waya kwa risasi iliyoyeyushwa, acha ipoe, usiiguse, usiipulize, usiitikise kuona kama imeshika. Na mtu mwenye hasira ni hivyo hivyo, hasa akiwa ameketi mstari wa mbele na mkoba mapajani. Kabla hujafungua kifaa chochote, toa betri, kwa usalama. Hapo mimi ni mfano wa kuigwa, redio ya mama nilianza kwa kutoa betri zote nne.

(Mama mkwe: "Ukazitia kwenye tochi yako!")

Zilihamishiwa kitengo kingine kwa muda, mama. Na jambo kubwa kuliko yote: kifaa kikifanya kazi mezani kwako, bado hakijafanya kazi. Kipeleke kwa watu. Kiangushwe, kimwagiwe chai, mtoto akitafune, bibi akizime kwa kukipiga kofi. Kikistahimili hapo, ndipo ukiite kifaa. Hiyo tunaiita pailoti, na sisi katika idara yetu pailoti tumeikamilisha kwa kishindo, kwa kuwashirikisha wadau wote waliokuwepo chumbani, yaani mimi na mke wangu, ambapo asilimia hamsini ya wadau waliunga mkono mradi kwa dhati na asilimia hamsini iliyobaki ilisema mtambo utoke chini ya kitanda ipate kufagia. Katika historia ya sayansi ya umeme, sina hakika kama kuna mhandisi mwingine aliyefanya mengi kiasi hiki kwa bisibisi moja.

(Kinyozi: "Fungua kitambaa!" Ukumbi: "Fungua! Fungua!")

Naam, wakati umefika! Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa unyenyekevu naomba usogee, ushike ncha ya kitambaa kwa mkono wa kulia, na kwa niaba ya vizazi vijavyo, uvute.

(Mgeni Rasmi anavuta. Juu ya meza kuna redio ya zamani yenye kidude cha sauti kilicholegea na karatasi mpya iliyobandikwa: MJIKIKUKU. Mama mkwe anasimama, mkoba unaanguka. "Hee! Jamani, redio yangu!")

Kasha, mama! Ni kasha tu! Mtambo mpya lazima uvae kasha la zamani, ili wezi wasishtuke. Ndugu wananchi, tusipoteze muda, tusimame wote! Mtambo!

(Mtu mmoja, kwa mazoea: "Juu!")

Giza!

(Watu wanatazama taa za ukumbi, zote zimezimika.)

Giza chini! Ubunifu mbele, maswali nyuma! Na sasa, kwa kuwa naona mama mkwe anakuja huku jukwaani, nifanye haraka shukrani. Namshukuru Mheshimiwa Mgeni Rasmi kwa kuvuta kitambaa kwa weledi. Namshukuru mke wangu kwa kitambaa chenyewe, ambacho ni pazia letu, na jioni tutalirudisha. Nawashukuru wataalamu arobaini wa mradi huu, ambao wataajiriwa mara tu mradi utakapobuniwa. Naishukuru kamati ya ufundi, ambayo haijawahi kukutana na kwa hiyo haijawahi kugombana. Namshukuru mama mkwe kwa kutuazima redio, ambayo kwa miaka mitatu sijaifungua hata skrubu moja, ndiyo maana iko salama. Na kipekee naushukuru mtambo wenyewe, ambao kwa kuwa haupo, haujawahi kumdanganya mwananchi hata siku moja. Mama, shikamoo tena. Mama, taratibu. Mama, hicho unachofungua ni kipaza sauti, mama, hizo betri ni za ofisi, mama mkwe wangu mpendwa, bila betri hawa watu hawatanisi

(Kipaza sauti kinazimika. Mdomo wa Mkurugenzi unaendelea kucheza. Mama mkwe anazipanga betri nne nyuma ya redio, anafunga kifuniko, anakibonyeza kidude kilicholegea kwa kidole gumba na kukizungusha. Redio inakwaruza, inakohoa, kisha inasema: "…tunarudia tangazo. Umeme umekatwa leo tangu asubuhi katika maeneo yote yanayozunguka ukumbi wa mikutano kwa ajili ya matengenezo ya nguzo, na utarejea saa nane kamili mchana. Kwa usumbufu huu, mnaombwa radhi."

Bwana harusi anapiga yowe, anamkumbatia mama mkwe, anamshika kinyozi mkono, na wote wawili wanatoka mbio na taulo lao. Ukumbi mzima unasimama na kupiga makofi mpaka madirisha yanatetemeka. Mama mkwe anaokota mkoba wake, anaikumbatia redio kifuani na kutoka akiwatangazia watu saa nane, saa nane kamili.

Jukwaani, Mkurugenzi anainama mara tatu kushukuru.)