Fundi Saa na Mabega ya Watu

Jumatatu, 3 Machi

Mteja mmoja tu leo. Alitaka kujua ni saa ngapi. Nikamwambia. Akashukuru, akaenda zake.

Kinyozi wa mlango wa pili, watu wamejaa hadi barazani. Siri yake naijua. Akimaliza kunyoa humfinya mteja mabega mara mbili tatu, kisha humpiga kofi la shingo. Kofi! Na wanarudi! Nimemtazama mchana kutwa, lenzi jichoni. Hana elimu yoyote ya mabega.

Jioni nimepata kitabu kwa muuza vitabu vikuukuu. Tiba ya kale ya Kihindi, Ayurveda, ya kubonyeza nukta maalumu za mwili ziitwazo marma. Sura nzima ya mgongo wa juu! Mchoro wa mwanamume asiye na shati, vidoti tele, utadhani ana tetekuwanga. Kurasa za mwanzo ni maelezo na tahadhari. Nimeanzia kwenye mchoro.

Jumanne, 4 Machi

Nimekariri majina. Amsa, juu ya bega, karibu na shingo. Amsaphalaka, kwenye kombe la bega. Hilo la pili limenichukua asubuhi nzima. Mke wangu, ambaye hushona nguo nyuma ya meza yangu katika chumba hikihiki, aliuliza namtukana nani. Nikamweleza. Yeye mwenyewe hulalamikia mabega kila jioni kwa kuinamia cherehani, basi nikamwomba awe wa kwanza. Alisema mgongo wake ndio unaotulisha. Nitafute mwingine.

Nimetundika kibao: MTAALAMU WA NUKTA ZA MGONGO WA JUU. SAA PIA. Kinyozi alitoka na mkasi mkononi, akakisoma mara mbili, akauliza tangu lini saa zinaumwa mgongo. Wateja wake wakaangua kicheko. Wivu una dalili zake.

Jumatano, 5 Machi

Ushindi! Mpeleka barua. Mkoba wake umekaa bega la kulia miaka nenda miaka rudi, sasa bega hilo limeshuka na la kushoto limepanda. Akisimama mlangoni utadhani anakuchungulia. Nikamkalisha kwenye stuli, nikampaka mafuta ya ufuta, nikabonyeza. Kimya. Nikabonyeza kwingine. Kimya. Kumtazama usoni, amelala fofofo!

Alilala hadi saa tisa. Barua za mtaa mzima zikakaa sakafuni kwangu. Alipozinduka alitoka mbio, hata asante hakusema. Kwa mbio zile, mgongo umepona.

Mke wangu anasema mtu aliyetembea tangu alfajiri, ukimkalisha tu atalala. Nimeyapokea kama maoni.

Alhamisi, 6 Machi

Amekuja Mwalimu Mkuu. Mama huyu si wa kuchezea. Yeye ndiye atakayeamua nani ashone sare za shule mwaka huu: mke wangu, au yule fundi wa karibu na stendi mwenye cherehani za umeme. Mke wangu ameisaka kazi hii miezi mitatu. Ameshona sampuli, ameifumua, ameishona tena.

Mwalimu alikuja kukagua kola. Alipoinama nikamwona anashika shingo. Mke wangu alikuwa ameingia stoo kutafuta kitambaa. Nikapiga hesabu haraka: mama huyu akipona mikononi mwangu, sare ni zetu. Nikamwomba akae dakika mbili tu. Akakaa. Nikabonyeza kidogo. Akasema hapo ni penyewe kabisa. Nikawaza, ikiwa kidole gumba kinafanya hivi, kiwiko je?

Ukatoka mlio. Mdogo tu, kama wa springi inayoachia.

Mwalimu Mkuu sasa anatazama kushoto. Kushoto tu. Nilimwomba ajaribu kulia, akageuka yeye na stuli yake. Mke wangu alirudi akanikuta naliomba radhi sikio la Mwalimu, maana uso ulikuwa upande wa ukutani. Mwalimu akauambia ukuta, kwa upole, kwamba kesho ana kikao cha wazazi, na wazazi kwa kawaida hukaa mbele.

Aliondoka akitembea kama kaa.

Mke wangu aliikunja sampuli, akaitia kwenye mfuko, akaketi nao mapajani mpaka tukafunga.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemshauri mke wangu tumpelekee Mwalimu kitabu, ajionee kwamba kosa si letu. Akakichukua. Nilidhani atakitupa. Akakisoma! Tangu ukurasa wa kwanza, miwani puani, cherehani kimya. Anasema imeandikwa humo kwa herufi nzito: nukta hizi hazilazimishwi. Mafuta yapashwe moto kidogo. Kidole kizunguke taratibu, kiongeze uzito kwa kufuata pumzi ya mtu. Mwenye maumivu makali aonwe kwanza na daktari. Nikamwuliza kiwiko kimetajwa wapi. Ukurasa wa tisa. Kisitumike.

Akajitanda, akaenda kumchukua Mwalimu, wakaenda zahanati. Daktari alisema msuli umekaza tu, hakuna kilichovunjika, akandwe polepole. Mke wangu akamkanda palepale ofisini kwake shuleni. Ikasaidia, ila si yote kwa siku moja. Kikao Mwalimu alikiendesha akiwa ameketi ubavuni mwa ukumbi, ili kushoto kwake ndiko kuwe mbele. Hakuna aliyegundua. Wazazi wanasema mwaka huu amewasikiliza kuliko miaka yote.

Mimi niliachwa dukani. Nikajibonyeza Amsaphalaka yangu mwenyewe kwa kona ya mlango.

Jumapili, 9 Machi

Mkono wa kulia hauinuki. Ile kona! Nilivumilia Jumamosi nzima, nikanywa chai kwa mkono wa kushoto, nikasingizia mazoezi. Leo shati limekataa kuvuka kichwa. Nikabaki humo ndani, giza totoro, nikamwita mke wangu.

Nilitarajia hotuba. Akasema, "Kaa hapo. Na usinitajie jina la nukta hata moja."

Alianzia mbali, ukingoni mwa bega. Akazungusha kidole, akasubiri nipumue, akazungusha tena. Hakuna mlio. Joto likashuka mpaka kiunoni. Nikawa naitazama stuli yake ya kushonea, ilivyo fupi, na cherehani ilivyo mbali. Miaka kumi na minne ameinama pale, na mimi nimempa kisogo. Nikamwuliza bega lake linaendeleaje. Akasema ni mara ya kwanza kuulizwa. Niliona aibu kwa muda wa kama dakika tano.

Kisha akanipa habari. Mwalimu anageuza shingo pande zote tangu jana, na kazi ya sare amempa yeye. Nikamsahihisha: ametupa sisi. Akabonyeza kwa nguvu kidogo.

Jumanne, 11 Machi

Kinyozi amekuja, kichwa chini. Kumbe kusimama mikono juu kutwa kumemmaliza mabega. Hakunitazama mimi. Alimwomba mke wangu. Mke wangu akamwonyesha namna ya kujinyoosha, akarudi kwenye cherehani yake, maana ana shule nzima ya kuvisha. Kibao amekishusha, amekatia kola juu yake. Kitabu amekifungia.

Nimemwambia nimejifunza. Nimeapa sitagusa tena mgongo wa mtu. Akasema, "Haya."

Na sitagusa! Kosa langu lilikuwa kuchagua mgongo. Mgongo ni mpana mno, mtu anapotea njia. Leo fundi viatu amenieleza kwamba mwili wote umepangwa ndani ya sikio: goti lina mahali pake, kiuno mahali pake. Hana kitabu. Alihadithiwa ndani ya basi na abiria mwenzake aliyeshuka kabla hajamaliza kueleza. Lakini mengi aliyashika.

Jumamosi tunapata mgeni, mama mkwe. Magoti yanamtesa. Na masikio, nikikumbuka vizuri, anayo makubwa.

Nafasi ya kutosha kabisa.