Mgonjwa Bora wa Kitanda cha Nne

Jumatatu, 10 Juni

Nimepona. Balaa gani hili!

Nimegundua asubuhi nikitunga uzi kwenye sindano. Uzi umepita mara ya kwanza. Mkono wa kulia, mkono wangu mgonjwa, mkono uliozungukwa na madaktari wanafunzi kumi na wawili kama bibi harusi, umetunga uzi bila hata kutetemeka. Nimejaribu tena nikiuombea ukosee. Umepita tena. Msaliti!

Miezi minane iliyopita nilipatwa na kiharusi kidogo. Kiharusi chenye adabu. Hakikuniua, hakikunifunga mdomo, kililegeza tu upande wa kulia. Hospitali yetu ni ya kufundishia, na Profesa wa mishipa ya fahamu alinipenda. Aliwaambia wanafunzi kuwa mimi ni kitabu. Basi wakanigonga magoti, wakanichoma pini, wakanikuna nyayo, kisha kila mmoja akasema hitilafu imekaa wapi: kichwani, kwenye uti wa mgongo, au kwenye mshipa wa mkono. Nikisema "aah", wote wanaandika. Nyumbani nikisema "aah", Mama Watoto huniuliza kama nimefunga mlango wa uani.

Ijumaa kuna mtihani wa mwisho. Wagonjwa sita, vitanda sita, shuka nyeupe, chai ya maziwa. Siwezi kukosa. Nitaonekana nini mbele za watu? Fundi cherehani tu!

Jumanne, 11 Juni

Nimekosa.

Sista anayechagua wagonjwa wa mtihani amenipima leo. Nilikuwa nimeulegeza mkono vizuri sana, unaning'inia kama mkono wa koti kwenye msumari. Akanirushia biskuti. Nimeidaka! Kwa mkono wa kulia, hewani, kabla akili haijafika. Akanipongeza, akaniambia baba umepona, nenda kashone nguo. Akalikata jina langu kwa kalamu nyekundu. Biskuti sikuila. (Niliila baadaye.)

Na kitanda cha nne amepewa nani? Tarishi! Yule mpeleka barua mstaafu, jirani yangu wa benchi la kliniki, mtu mwenye majivuno kuliko ugonjwa wenyewe. Alianguka kutoka kwenye ngazi ofisini akibadilisha balbu, akaumia nusu moja ya uti wa mgongo. Nusu tu! Mguu wa kulia dhaifu, mguu wa kushoto una nguvu ila hauhisi pini wala moto. Nilimwambia huo ni uchafu, ugonjwa wenye heshima hukaa upande mmoja. Akanijibu, huku akicheza drafti, kwamba nyaya za maumivu huvuka upande wa pili mara tu zinapoingia mgongoni, na nyaya za nguvu husubiri mpaka kichwani, na kwamba fundi wa suruali hawezi kuelewa. Alipomaliza akanila kete tatu.

Kwenye ubao wa matangazo nimeona na jambo jingine. Kitanda cha nne kitapimwa na Nyundo.

Nyundo ni yule binti anayetembea na nyundo ya magoti mfukoni. Mtihani uliopita nilikuwa kitanda cha jirani, nikasikia yote kupitia pazia. Alitaja mahali penyewe hasa. Mtahini akamuuliza kama ana hakika. Binti akababaika, akabadili jibu, akafeli. Baadaye nilimkuta bombani ananawa uso, na hakuwa ananawa uso. Nilijisikia vibaya siku nzima. Wakampeleka hospitali nyingine kurudia mafunzo, na sasa hii ndiyo nafasi yake ya mwisho. Akifeli Ijumaa, anafungasha.

Nimepata wazo. Nimecheka peke yangu mpaka cherehani imekata uzi.

Jumatano, 12 Juni

Wazo: mimi ndiye nilale kitanda cha nne. Niigize ugonjwa wa Tarishi, nimnong'oneze Nyundo jibu, yeye afaulu, mimi nipate shuka nyeupe. Nani anaumia? Hakuna. Tarishi kidogo.

Nimemwendea Tarishi na futi ya kushonea shingoni. Nikamwambia nataka kumshonea suruali, bure, kwa ajili ya urafiki wetu. Hakuuliza urafiki upi. Alisimama wima kama mlingoti na mimi nikampima kuliko Profesa alivyowahi kumpima. Hapa unahisi pini, kaka? Na hapa? Nikamwambia suruali za siku hizi zinataka vipimo vya kifua pia. Ganzi yake ya kushoto inaanzia inchi mbili chini ya chuchu. Nimeandika kwenye daftari la wateja. Nikamwambia pia, kwa upole, kwamba mtihani umesogezwa kutoka saa tatu asubuhi hadi saa nane mchana. Akanishukuru.

Saa tisa alasiri: mazoezi. Nimeingia nyumbani nikiburuta mguu wa kulia. Mama Watoto ameniangalia toka mlangoni mpaka kitini, kisha akaniomba nimshushie gunia la mkaa kutoka kwenye mkokoteni. Nimelishusha. Nikakumbuka katikati ya uwanja kwamba mguu ni mgonjwa! Nikaanza kuburuta wa kushoto. Akasema, Baba Watoto, ugonjwa wako umehama nyumba.

Lazima nijiwekee alama.

Alhamisi, 13 Juni

Nimemkuta Nyundo palepale bombani. Nikamwambia mwanangu, sikiliza, kesho kitanda cha nne: uti wa mgongo, nusu ya kulia, usawa wa kifua. Aliziba masikio, lakini nadhani alichelewa. Akakasirika! Akasema anataka kupata kwa mikono yake mwenyewe, na mzee tafadhali uniache. Macho yalikuwa yamemjaa machozi. Vijana wa leo hawajui kupokea msaada.

Alama tayari. Chaki ya kushonea, ile nyeupe, haifutiki ovyo. Mstari tumboni, inchi mbili chini ya chuchu, nimeuzungusha kwa futi, umenyooka kuliko kiuno cha sketi. Goti la kulia nimeandika D, yaani dhaifu. Goti la kushoto G, yaani ganzi. Sasa mwili wenyewe utanikumbusha. Akili ni mali!

Ijumaa, 14 Juni

Naandika mkono ukitetemeka. Kwa aibu tu, sio kiharusi. Ningekuwa na mtetemo huu Jumanne!

Kila kitu kilianza vizuri. Sista wa leo alikuwa mwingine, akauliza nani wa kitanda cha nne, nikasema ni mimi. Shuka nyeupe. Watahini wawili wageni, mmoja mrefu, mmoja wa miwani, wameshika karatasi yenye majibu. Nyundo akaingia. Akanitambua.

Akafunua shuka.

Aliitazama D. Akaitazama G. Akapandisha shati, akautazama mstari wangu. Alichukua pamba na spiriti, akasema pole mzee, una vumbi, akafuta vyote! Kuanzia hapo nilikuwa kama mtu aliyepotelewa na futi. Ganzi yangu ilipanda na kushuka kama pindo lililoshonwa na mwanafunzi.

Akaniambia nifumbe macho, nikihisi pini niseme ndiyo, nisipoihisi niseme hapana. Rahisi! Akachoma mguu wa kulia, nikasema ndiyo. Akachoma wa kushoto, nikasema hapana. Wa kushoto tena, hapana. Wa kushoto tena, hapana, kwa sauti kubwa. Sikukosea hata mara moja. Sijui kwa nini yule wa miwani alianza kukohoa.

Kisha akaweka kiganja chini ya kisigino cha mguu dhaifu, akaniambia niinue ule mzima. Nikauinua kwa nguvu zote, nimpendeze. Eti kisigino dhaifu kilikibana kiganja chake kitandani mpaka akasema "uuh".

Mwisho akanikuna nyayo kwa mpini wa nyundo. Kushoto, vidole vikajikunja chini. Kulia, kidole gumba kikapanda juu. Chenyewe! Sikukituma. Akarudia. Kikapanda. Akarudia mara ya tatu, na uso wake ukabadilika.

Mrefu akamuuliza, basi, hitilafu iko wapi? Nyundo akasema uti wa mgongo wa mzee huyu ni mzima. Jibu liko kwenye karatasi yao, nimempa mwenyewe bombani, na analikataa! Nikakonyeza. Nikakohoa. Nikajipigapiga mgongo kama mtu anayetafuta kiroboto. Akaendelea: udhaifu si wa kweli, ganzi si ya kweli, lakini kidole hakidanganyi. Kuna kovu dogo la zamani kwenye ubongo, upande wa kushoto, ndilo linalokipandisha kidole cha kulia. Kiharusi kilichopona karibu chote.

Wa miwani akaangalia karatasi. Akamwangalia yeye. Akamuuliza kama ana hakika.

Nilimwona akikamata nyundo kwa mikono miwili. Nilisahau shuka, nilisahau chai. Nilitamani tu binti huyu asilie tena.

Akasema, "Nina hakika."

Na hapo hapo mlango ukafunguliwa, Tarishi akaingia anachechemea, anafoka. Kumbe alikuja tangu saa tatu, akaenda kumwita Profesa! Miaka thelathini ya kupeleka barua imemfundisha kwamba ujumbe usio na karatasi si ujumbe. Nyuma yake Profesa. Akanitazama pale nilipolala na tumbo wazi. "Kitabu! Unafanya nini hapa?"

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na urefu wa kitanda.

Jumamosi, 15 Juni

Nyundo amefaulu! Alama za juu kuliko wote. Amepita dukani mwenyewe kuniambia. Nilifurahi hadi nikambusu mkono, na ule wangu wa kulia ndio uliomshika. Hakunigombeza. Aliniuliza kama nameza vidonge vya presha kila siku, nikasema karibu kila siku, akanitazama mpaka nikavimeza mbele yake. Ameniamuru nirudi kliniki Jumatatu, maana bado kuna kitu kichwani mwangu. Bado kuna kitu! Nilitaka kuimba.

Tarishi naye amekuja. Suruali anaitaka, tena mbili. Kitambaa kizuri.

Nimemsimulia Mama Watoto habari ya pini na hapana. Amecheka mpaka amekaa sakafuni. Mimi bado sijaona kosa.

Jumatatu, 17 Juni

Kliniki. Profesa amesema jina langu halitaonekana tena kwenye mtihani wowote maadamu yeye yu hai. Ana miaka sitini na tatu, na hatembei sana. Tutaona.

Wanafunzi watatu wamekuja kukitazama kidole changu. Kikapanda. Wakaandika! Lakini walipomaliza walihamia kwa Tarishi, na huko walikuwa tisa. Sababu ni wazi. Yeye ana vya kuonyesha pande zote mbili, mimi nina kidole kimoja.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nimefunga uzi mweusi kwenye kidole gumba cha mguu wa kushoto, nikaupitisha ndani ya suruali mpaka mfukoni. Nikivuta, kinapanda! Mama Watoto amepita, ameona, ameendelea kupita.

Nimetafakari kwa makini pia makosa ya Ijumaa, maana mtu asiyejifunza ni mjinga. Nimelipata. Chaki ilikuwa nyeupe. Mtihani wa Desemba nitatumia ya kahawia.