Siku Nilipopaa Miguu Juu

Jumatatu, 3 Machi

Nimejiandikisha kozi ya kuzamia baharini! Mwaka huu Eilert atajua mimi ni nani. Kila karamu ya kwaya, jirani yetu huyu huja na kapu la kome wakubwa aliowaokota mwenyewe chini ya fyodi, ule mkono wa bahari ulioingia kati ya milima, na wanawake humpigia makofi, mke wangu Borgny akiwa wa kwanza. Karamu ni Jumapili. Nimemwambia mwalimu, Ragnhild, kwamba mimi ni mzoefu wa bahari za joto. (Bwawa la hoteli, Uhispania. Nilibana pua.) Akasema tutaanzia bwawani hata hivyo. Na msaidizi wake ni nani? Eilert! Akacheka mpaka mabega yakatikisika.

Jumatano, 5 Machi

Bwawani. Vazi la kuzamia lisiloingiza maji lina kola ya mpira. Kichwa kilikwama humo, nikaona giza, nikadhani nimekufa kabla ya kulowa. Eilert alinivuta kwa masikio.

Ragnhild alieleza mambo ya hewa. Ukibonyeza kitufe cha kifuani, inaingia ndani ya vazi. Ukiinua mkono, inatoka kwenye valvu, kile kilango cha hewa cha begani. Akasisitiza kitu kuhusu miguu. Sikusikia vizuri, nilikuwa nawaza ukubwa wa kapu.

Ijumaa, 7 Machi

Fyodi! Theluji gatini, maji meusi. Nilivaa sweta mbili za siri chini ya nguo za sufu. Matokeo: sikuzama. Nilielea kama boya, Eilert akiuliza kama ananiletea kahawa hapo hapo. Ragnhild akaniongezea vipande vya risasi kiunoni. Nikazama. Na nikawaona! Kome, wamejaa mtelemkoni, bapa kama visahani. Ragnhild amekataza kuokota; wanafunzi waangalie hewa yao tu. Sawa, mwalimu. Kesho naficha mfuko wa wavu ndani ya glavu.

Jumamosi, 8 Machi

 

Ragnhild alipogeuka kumtazama mwanafunzi mwingine, niliinama kichwa chini kumfikia kome mmoja mkubwa. Hewa yote ya vazi ikakimbilia miguuni. Buti zikavimba. Pezi moja la kuogelea likachomoka mguuni. Nikaanza kupaa, miguu mbele! Nikainua mkono, hewa haikutoka, kwa sababu valvu ilikuwa chini na hewa ilikuwa juu. Ndicho alichokuwa akisema kuhusu miguu! Nilikumbuka pia jambo jingine: anayepaa kwa kasi huku amebana pumzi hupasuka mapafu. Na mimi nilikuwa nimebana. Nikapiga kelele ndani ya kipumulio ili pumzi itoke. Maji yalizidi kung'aa. Nilijua ninaondoka.

Mtu akanidaka kifundoni. Eilert! Nilimpiga teke la uso kwa hofu, hakuniachia. Alining'ang'ania, akanikunja kama godoro, akanipindua mpaka kichwa kikawa juu. Hewa ikatoka begani kwa mlio mrefu. Tukapanda polepole, akiwa amenishika kola.

Juu alikuwa mweupe, mdomo unavuja damu. "We mjinga, unapumua? Sema kitu!" Nikasema napumua. Akafoka, "Ningemwambia nini Borgny? Ehe? Ningeingiaje kwenu?" Kisha akalia. Eilert! Na mimi nikalia.

Ragnhild amesema cheti sipati mpaka nirudie kila kitu tangu mwanzo.

Jumapili, 9 Machi

Karamu. Eilert alikuja mikono mitupu na mdomo umevimba. Akawaambia watu amejigonga kwenye mashua. Hakunitaja kabisa! Moyo ulinijaa shukrani. Nikaapa kuwa mtu mpya.

Wanawake wakamhurumia, wakampa kipande cha kwanza cha keki, chenye malai zaidi.

Basi nikasimama, nikasema Eilert ana haya tu: ukweli ni kwamba alipata matatizo chini na mimi ndiye niliyempandisha. Kahawa ikampalia. Akajifuta mdomo, kisha akasema taratibu, "Endelea, Torgeir. Wamalizie." Nikamalizia. Makofi! Borgny alisimama!

Mchungaji ameniomba niwaonyeshe vijana wa kanisa namna ya kuzamia chini ya barafu ya ziwa. Nimekubali. Hapana haja ya kumsumbua Ragnhild. Nimelifikiria jambo lenyewe kwa makini na halina hatari yoyote: chini ya barafu mtu hawezi kupaa kupita kiasi. Kuna dari.