Kuku wa Mahabusu

"Mji umeanguka tena!"

Ndivyo Fundi alivyoingia kijiweni, laptopu kwapani, jasho linamtoka utadhani kakimbizwa na mbwa. Mzee Breki, dereva mstaafu, akakiweka kikombe chake chini.

"Mji upi? Kuna waliokufa?"

"Mji wa kwenye gemu, mzee. Huu tunaocheza sote. Seva imejaa kumbukumbu, ikazima."

"Yarabi! Na shamba langu?"

Fundi alijibwaga kwenye benchi. Seva ile, kompyuta inayobeba gemu zima, aliiunga kwa mikono yake, inakaa chini ya meza ya duka lake, na mtaa mzima unacheza humo. Sasa wachezaji walikuwa wamemtumia salamu: ameshaiwasha, sawa, lakini ikianguka tena leo, wanahamia kwa fundi wa mtaa wa pili. Yule mwenye majivuno! Heri ardhi ipasuke immeze yeye Fundi.

"Kumbukumbu zikijaa si isahau?" akauliza Breki. "Mimi nimesahau mangapi, na natembea."

"Haiwezi. Kila kilichomo mjini lazima ikikumbuke. Kikitoka ndipo inasahau, inapumua. Sasa kuna kitu kinaingia, hakitoki."

"Iongezee kumbukumbu," akasema Mama Pindo, fundi cherehani, bila kuinua macho kwenye gauni alilokuwa akilishona.

"Nimeiongezea, ikameza zote ikaniangalia."

"Lori langu dawa yake ilikuwa teke," akashauri Breki.

Pembeni, Jaji alikuwa akipuliza kahawa yake. Mahakamani hajawahi kukanyaga. Jina alilipata kwa kumhukumu kila apitaye. Kwenye gemu walimpa ujaji kabisa, ili wao wanywe kahawa kwa amani.

Fundi alifungua laptopu, akaupekua mji. Mashamba, salama. Soko, salama. Akafungua mlango wa jela, akapiga ukelele. Kuku! Kuku juu ya kuku, hadi darini, hakuna hata pa kugeuzia shingo.

"Jaji! Hawa nini?"

"Mahabusu."

"Kosa lao?"

"Tetea wa Mama Pindo alidonoa mahindi yangu. Nikamweka ndani."

"Huyo ni mmoja!"

"Akataga, akaangua. Wamezaliwa ndani ya kesi, niwapeleke wapi?"

"Kumbe ni wewe!" Mama Pindo alifoka. "Nimemlilia yule kuku mpaka macho yamevimba, nikijua kaibiwa!"

"Waachie, Jaji," Fundi akabembeleza. "Nakupigia magoti."

"Hawajasomewa mashitaka."

"Wasomee basi!"

"Kila nikianza kusoma, wanaongezeka."

Kwenye kioo, picha ilianza kukwama. Breki wa kwenye gemu alisimama mguu mmoja hewani, haushuki.

Mama Pindo akachomeka sindano kwenye gauni. "Mwacheni. Watu wahamie mtaa wa pili, kule wana jaji wao. Huyu abaki hapa, tuone atamhukumu nani."

Jaji alitazama kushoto, akatazama kulia, akakohoa kwa heshima zote za ofisi yake.

"Mahakama imeingiwa na huruma. Watolewe nje ya mji."

Fundi hakungoja amalize. Alibonyeza, jela ikawa nyeupe, Breki wa kwenye gemu akashusha mguu, na wachezaji wakaanza kumiminika kama vile hawakuwahi kununa. Fundi nusura ambusu Jaji.

"Lakini jogoo arudishwe," akasema Jaji.

"Jogoo gani?"

"Mimi nilifunga tetea mmoja tu. Vifaranga walitoka wapi? Kuna jogoo aliingia jela bila kibali."

Mzee Breki aliinuka taratibu, akakung'uta suruali. "Jamani, mimi nawahi nyumbani."

"Ni wako, mzee?"

"Alikwenda kumjulia hali tu!"

Fundi akapiga hesabu kichwani. Jogoo mmoja seva itambeba, tena bila kutweta. "Haya, namrudisha. Atakaa peke yake."

"Peke yake vipi?" Jaji akang'aka. "Na tetea arudi. Ndiye shahidi."