Ombi la Kupandishwa Cheo Nifikie Bilinganya

Kwako Mama Mkwe,

Shikamoo. Huku hatujambo, isipokuwa mimi. Najua si adabu mkwe kumtajia mama mkwe mambo ya kuoga, kwa hiyo mwili wangu nitauita "mhusika". Nakuandikia kwa sababu binti yako, mke wangu, ameamua kuokoa maji, nami najaribu kuokoa ndoa. Naona hatutafika wote wawili.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Uani kuna mapipa matatu. La kwanza lina maji safi, la pili yaliyokwisha kuosha vyombo, la tatu yaliyokwisha kufulia nguo. Alhamisi nilichelewa kazini, nikachota la tatu na kupiga mswaki. Povu lilinitoka mdomoni hadi saa nne, na mkuu wa ofisi akanituma zahanati. Mke wangu alipopata habari hakunipa pole. Aliuliza kama nilitemea kwenye beseni.

2. Mhusika huogea uani, nyuma ya shuka, juu ya tuta la mabilinganya, ili maji yasipotee. Amepangiwa kopo moja na nusu. Fundi viatu wa jirani hunisalimia hapohapo, nami huitikia nikiwa na sabuni machoni. Juzi, baada ya salamu, aliniomba nisogee kidogo kushoto, maana shina la pembeni halijapata.

3. Mabilinganya yenyewe hupata makopo manne. Mimi nina miaka kumi na mmoja katika nyumba hii; yenyewe yana wiki sita. Nilipouliza sababu, nikaambiwa yale yanazaa. Mama, tuna watoto wanne.

4. Kwa jibu hilo nilitokwa na machozi, nikamwona akitupa jicho kabatini, kwenye vikombe. Hapo niliogopa kweli. Nampenda binti yako, lakini sijui kama bado ananiona mume au ananiona bomba linalovuja.

Kwa hiyo naomba nipandishwe cheo nilingane na bilinganya. Ikishindikana, njoo Jumamosi umchukue akapumzike kwako mwezi mmoja, nami nifungue maji nioge mpaka vidole viote mikunjo.

Msalimie Baba Mkwe, mashangazi wote, na yule shemeji mwenye kisima, ambaye namwonea wivu waziwazi.

Mkweo mtiifu na mkavu,
Baba Watoto

Nyongeza: Kabla sijaipeleka barua hii, maji yamekatika mtaa mzima, na leo ni siku ya tano. Kwetu tu ndiko yaliko. Watu wamepanga foleni hadi barabarani, na mimi ndiye ninayegawa. Mwalimu wa nyumba ya pili nimemrudisha, kwa sababu alisuuza ndoo kabla ya kukinga. Binti yako anasema nimezidi, niwe na huruma. Asubuhi nilipogeuka kidogo tu, akampa mtu ndoo nzima, tena ya pipa la kwanza. Mama, usimchukue, lakini njoo upesi umseme. Ana mkono mpotevu, na sijui amejifunza wapi.